Ngongo Lutete: mshirika aliyeuawa na washirika wake

Sisi wa Kasongo na Kabambare tunasikia mara nyingi habari za mapatano ya kijeshi. Tangu mwisho wa mwaka 2021 jeshi la Uganda linashirikiana na jeshi letu kuwapiga vita ADF huko Kivu ya Kaskazini na Ituri. Kwingine, vijana wenye silaha wanaitwa kusimama upande wa serikali. Makanisani watu wanauliza: mshirika wa namna gani anafaa? Kabla ya kujibu, tukumbuke maisha ya mtu mmoja aliyejulikana sana katika nchi hii.

Ngongo Lutete alipokuwa kijana alikuwa mtumwa chini ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyekuwa na makao Kasongo. Kwa ushujaa wake akapata uhuru, akawa mkubwa wa vita, akakaa Ngandu, kando ya mto Lomami. Tusimpambe. Watu wake walichoma vijiji, wakakamata watumwa na kukusanya pembe za ndovu kwa faida ya mabwana zake. Yeye aliyeujua utumwa aliwatia wengine utumwani.

Mwaka 1892 alipigana na askari wa Dola Huru la Kongo, lililokuwa mali ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Francis Dhanis aliwaongoza askari hao, na Ngongo akashindwa. Mwezi wa tisa akafanya amani, akahamia upande wao. Dola lilikuwa likisema linapigana ili kukomesha biashara ya watumwa, lakini vijiji alivyochoma Ngongo havikulizuia kumpokea. Lilihitaji bunduki zake, maelfu ya watu wake na njia alizozijua.

Sefu, mwana wa Tippu Tip, alidai Ngongo atolewe kwake. Dola likakataa, na vita vikawaka. Nyangwe ilianguka mwezi wa tatu 1893, na Kasongo tarehe 22 mwezi wa nne. Ngongo alikuwa na sehemu kubwa katika ushindi huo.

Miezi mitano haikupita. Huko Ngandu maofisa wa Dola walimshtaki kwamba anapanga kuwasaliti. Wakamhukumu kwa haraka, na tarehe 15 mwezi wa tisa 1893 wakampiga risasi. Dhanis alikuwa Kasongo. Alipopata habari alimtuma mtu kwenda kulizuia jambo hilo, lakini mjumbe alifika Ngongo amekwisha kufa.

Damu hiyo haikunyamaza. Wengi wa watu wake waliingizwa katika jeshi la Dola. Mwezi wa saba 1895 askari wa Luluabourg waliasi, na wengi wao walikuwa watu wa Ngongo waliokumbuka kifo cha mkubwa wao. Mwaka 1897 maasi mengine yalitokea kaskazini, katika jeshi aliloliongoza Dhanis mwenyewe. Waasi hao wakashuka kuelekea kusini, na mwisho wa 1898 wakaiteka Kabambare. Hivyo hesabu mbaya iliyofanywa Ngandu ililipwa pia na wanakijiji wa Kabambare, ambao hawakuwepo wakati wa hukumu ile.

Tunaposoma Yoshua sura ya 9 tunaona wazee wa Israeli wakifanya agano na Wagibeoni bila kumwuliza Bwana. Walikosea kwa kufanya haraka, lakini kiapo kilibaki kiapo. Katika 2 Samweli sura ya 21, Sauli alikuwa amewaua Wagibeoni, na njaa ya miaka mitatu ikawapata watu wote siku za Daudi. Mungu anaangalia jinsi tunavyoingia katika mapatano, na pia jinsi tunavyoyashika.

Basi tujifunze. Anayemchukua mshirika kwa sababu ya bunduki yake tu, bila kuuliza amewatendea nini watu, ameleta nyumbani vita ya kesho. Anayemhukumu mshirika kwa uvumi bila kusikiliza, naye anapanda maasi. Na Dola lililojiita mkombozi wa watumwa ndilo lililokuja kuwalazimisha babu zetu kukusanya mpira kwa fimbo na bunduki. Kuwa na adui mmoja hakumfanyi mtu kuwa rafiki yako.

Tena tusiigeuze habari hii kuwa vita ya dini. Pande zote mbili zilitaka pembe na nchi. Jirani yetu Mwislamu wa Kasongo ni ndugu wa soko moja na kisima kimoja, na wenye msimamo mkali wamewaua Waislamu na Wakristo pia.

Wachungaji, wazazi, tuseme na vijana wetu kabla mtu mwingine hajawapa bunduki. Tuwaombee viongozi wetu wanaochagua washirika, na tuwaulize bila woga: mapatano haya yanasema nini juu ya raia? Nani atawajibika wakikosewa? Bwana atupe amani isiyojengwa juu ya damu ya mtu mwingine. Amina.