Gustavus Swift

Gustavus Franklin Swift (West Sandwich, Massachusetts, 24 Juni 1839 – Chicago, Illinois, 29 Machi 1903) alikuwa mfanyabiashara wa Marekani aliyeanzisha kampuni ya nyama ya Swift & Company. Anajulikana hasa kwa kuifanya nyama ya ng'ombe iliyosafirishwa katika mabehewa ya barafu kuwa biashara ya nchi nzima. Kabla yake, ng'ombe wa magharibi walipelekwa wakiwa hai hadi miji ya mashariki, na kuchinjwa huko. Baada yake walichinjwa Chicago na miji mingine iliyo karibu na malisho, ikasafiri nyama peke yake.

Utoto na ujana

Swift alizaliwa katika familia ya wakulima huko Cape Cod, akiwa mtoto wa tisa kati ya 12. Mahali pa kuzaliwa kwake sasa panaitwa Sagamore. Hakusoma sana. Akiwa na umri wa miaka 14 alianza kazi katika bucha ya kaka yake Noble. Baadaye alitaka kwenda Boston kutafuta maisha. Inasimuliwa kwamba baba yake, ili asiondoke, alimpa fedha za kununua mtamba mmoja. Kijana akamchinja, akaizungusha nyama nyumba kwa nyumba, akabaki na faida.

Aliendelea hivyo kwa miaka kadhaa. Alikwenda kwenye mnada wa Brighton karibu na Boston, akanunua mifugo, kisha akaiswaga kwa miguu siku nyingi hadi Cape Cod. Huko alijifunza kumkadiria ng'ombe kwa jicho: ana uzito gani, na atatoa nyama kiasi gani akishachunwa. Ujuzi huo ndio uliokuwa mtaji wake mkubwa. Mwaka 1861 alimwoa Annie Maria Higgins, wakapata watoto 11.

Mwaka 1872 aliingia ubia na James Hathaway, mfanyabiashara wa nyama wa Boston. Swift ndiye aliyekuwa mnunuzi wa ng'ombe. Aliona kwamba kila mtu wa kati aliyesimama baina yake na mfugaji alikula sehemu ya faida, basi akaanza kuufuata mnada kuelekea magharibi: kwanza Albany, halafu Buffalo, na mwaka 1875 Chicago.

Hesabu ya ng'ombe hai

Chicago ilikuwa na Union Stock Yards, soko kubwa la mifugo lililofunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1865. Ng'ombe kutoka Texas na nyanda za magharibi waliletwa huko kwa treni, pamoja na wale walionenepeshwa kwa mahindi katika Illinois na Iowa. Wengi walipandishwa tena kwenye mabehewa kwenda New York, Boston na miji mingine ya mashariki, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja.

Safari hiyo ilikuwa na hasara. Kwa sheria ya mwaka 1873 ng'ombe hawakutakiwa kukaa ndani ya behewa zaidi ya saa 28 bila kushushwa, kulishwa na kunyweshwa. Njiani walikonda, wengine waliumizana kwa pembe, wengine walikufa. Hata yule aliyefika salama alikuwa amelipiwa nauli ya vitu visivyouzwa buchani. Maksai wa kilo 500 hutoa kilo 275 hadi 300 hivi za nyama pamoja na mifupa yake. Kinachobaki ni ngozi, kichwa, kwato, damu, matumbo na kilichomo ndani yake. Kwa hiyo karibu nusu ya nauli ililipwa kwa kusafirisha vitu ambavyo mlaji wa Boston hakuvihitaji.

Swift hakuwa wa kwanza kuiona hesabu hiyo. George Hammond wa Detroit alikuwa ameshaanza kupeleka nyama mashariki kwa barafu. Lakini mabehewa ya mwanzo yalikuwa na kasoro: nyama iliyogusana na barafu ilibadilika rangi, na mapande yaliyoning'inizwa yaliyumba treni ilipopita kwenye kona. Swift alijaribu kwanza wakati wa baridi kali ya mwaka 1877, akitegemea hewa ya nje. Hathaway hakutaka kuiweka fedha yake kwenye jambo hilo, na mwaka 1878 wakaachana.

Mwaka huohuo Swift alimwajiri mhandisi Andrew Chase kumbunia behewa jipya. Barafu iliwekwa sehemu ya juu, mbali na nyama; hewa iliyopoa ilishuka kwa uzito wake, na hewa ya joto ilipanda na kutoka. Hakukuwa na mashine yoyote ndani yake.

Upinzani wa kampuni za reli

Behewa zuri halikutosha. Kampuni kubwa za reli zilikuwa zimetumia fedha nyingi kununua mabehewa ya mifugo na kujenga mazizi njiani, tena zilipata nauli kubwa zaidi kwa kubeba ng'ombe mzima. Zilikataa kutengeneza mabehewa ya barafu. Swift aliyaagiza kwa gharama yake kutoka kwa kiwanda cha Detroit, kisha akaigeukia Grand Trunk, reli iliyopitia Kanada. Reli hiyo ilikuwa na biashara ndogo ya ng'ombe hai, hivyo haikuwa na cha kupoteza. Njia yake ilikuwa ndefu zaidi lakini yenye ubaridi. Swift aliweka pia vituo vya barafu njiani, na barafu yenyewe ilivunwa wakati wa baridi katika maziwa ya kaskazini.

Wauza bucha wa mashariki

Upande wa walaji, watu waliiogopa nyama ya ng'ombe aliyechinjwa wiki moja kabla, mbali na macho yao. Wauza bucha waliokuwa wakichinja wenyewe walikuwa na sababu nzito zaidi, kwa kuwa riziki yao ilikuwa hatarini. Mwaka 1886 waliunda chama cha kitaifa cha kupinga nyama ya Chicago. Jimbo la Minnesota lilitunga sheria iliyotaka mnyama akaguliwe akiwa hai ndani ya jimbo kabla ya kuchinjwa, jambo lililomaanisha kufungia nje nyama ya mbali. Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta mwaka 1890.

Swift alipendelea kuwafanya wapinzani kuwa wabia. Mahali pengi alimpa muuza bucha wa mji sehemu ya ghala jipya la baridi. Aliyekataa alijikuta akishindana na bei ya chini. Aliwahimiza wauzaji wakate nyama vipande vingi na kuvipanga mbele ya mteja. Bei ilishuka na walaji wakapata nafuu, lakini machinjio mengi madogo yalifungwa.

Mabaki na faida

Faida katika nyama yenyewe ilikuwa nyembamba mno. Fedha ilitoka kwenye mabaki: mafuta yakawa sabuni na majarini, mifupa na kwato vikawa gundi na vifungo, damu ikakaushwa kuwa mbolea. Mchinjaji mdogo alivitupa vitu hivyo, kwa sababu ng'ombe watatu kwa siku hawatoshi kuendesha kiwanda cha gundi. Hapo ndipo aliposhindwa, kuliko kwenye bei ya nyama.

Ndani ya kiwanda, mapande yalipita juu kwenye reli ya kuning'iniza, na kila mfanyakazi alikata sehemu moja tu. Henry Ford alieleza baadaye kwamba wazo la kuunganisha magari kwa mstari lilitokana na utaratibu wa wachinjaji wa Chicago. Kwa wafanyakazi, wengi wao wahamiaji, ulimaanisha mwendo wa kasi na ujira mdogo.

Swift & Company iliandikishwa mwaka 1885 kwa mtaji wa dola 300,000. Ilifungua viwanda vingine Omaha, Kansas City, St. Paul na Fort Worth. Mdororo wa mwaka 1893 ulimkuta akiwa na madeni makubwa, na nusura afilisike.

Wafugaji nao walilalamika: wanunuzi wakubwa walikuwa wachache, nao walishukiwa kupanga bei mnadani. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na George Vest ilitoa ripoti dhidi yao mwaka 1890. Mwaka 1902 serikali iliwashtaki. Hata hivyo Swift, Armour na Morris waliungana kuunda National Packing Company.

Kifo na baada yake

Swift alifariki Chicago baada ya upasuaji wa kibofu cha nyongo, akiwa na umri wa miaka 63. Kampuni ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 20,000. Mwanawe Louis alimrithi katika uongozi. Mwaka 1905 Mahakama Kuu iliamua dhidi ya kampuni katika kesi ya bei, na National Packing Company ilivunjwa mwaka 1912. Union Stock Yards ilifungwa mwaka 1971. Kampuni yenyewe ilinunuliwa mwaka 2007 na JBS ya Brazil.