Luke Kelly: Mfunga nondo aliyewatangulia The Pogues

Kila inapofika Desemba, redio za Ireland na Uingereza hupiga wimbo unaoitwa Fairytale of New York. Ulitoka mwaka 1987, na walioupiga ni bendi ya The Pogues wakishirikiana na mwimbaji Kirsty MacColl. The Pogues walianza mwaka 1982 katika mtaa wa King's Cross, London. Mwimbaji wao, Shane MacGowan, alizaliwa Uingereza na wazazi waliotoka Ireland. Bendi ilichukua nyimbo za zamani za Ireland, zenye banjo, kodiani na filimbi ya bati, ikazipiga kwa kasi na kelele za panki, yaani ule muziki wa vijana wenye hasira uliolipuka London mwaka 1976.

Husemwa kwamba The Pogues walizua kitu kipya. Upande wa kasi na kelele, ni kweli. Lakini kusimama jukwaani na nyimbo za vibarua na wahamiaji, ukaziimba kwa sauti ya mtu wa mtaani bila kuzipamba, ni kazi ambayo mtu mwingine alikuwa ameifanya miaka ishirini kabla yao. Mtu huyo ni Luke Kelly, na makala haya ni ya maisha yake.

Luke Kelly alizaliwa mwaka 1940 huko Sheriff Street, mtaa wa watu maskini kando ya bandari ya Dublin. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha biskuti cha Jacob's. Akiwa na miaka 13 Luke aliacha shule na kuanza kufanya kazi ndogondogo. Ireland ya wakati huo ilikuwa nchi ya kuondoka. Katika miaka ya 1950 peke yake, watu wapatao 400,000 walihama, katika nchi ambayo haikuwa na hata watu milioni tatu. Wengi wao walivuka bahari kwenda Uingereza kujenga barabara na majengo, au kufanya kazi za hospitalini.

Naye akavuka, mwaka 1958. Alimfuata kaka yake na wakafanya kazi ya mjengo: kufunga nondo. Inasimuliwa kwamba alifukuzwa baada ya kudai malipo zaidi. Baada ya hapo alisafisha vyoo, akasafisha madirisha, akatembeza bidhaa nyumba kwa nyumba. Ukitazama maisha yake kwa haraka, miaka ile inaonekana kama muda uliopotea. Mimi naona ndipo alipopatia kila kitu.

Sababu ni kwamba huko Newcastle, mji wa makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza, aliingia kwenye klabu ambamo watu walikutana jioni kuimba nyimbo za kienyeji. Hapakuwa na umaridadi wowote. Mtu alisimama, akaimba habari za mgodi, za mgomo au za meli, akakaa. Luke alizikusanya nyimbo hizo kama mtu anayekusanya mbegu. Alijifunza banjo, ala ya nyuzi iliyowambwa ngozi kama ngoma, ambayo asili yake ni Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani. Alisoma vitabu kwa pupa, akajiunga na vikundi vya siasa za kikomunisti, akaamini mpaka mwisho wa maisha yake kwamba wimbo unaweza kumtetea mfanyakazi.

Aliporudi Dublin mwaka 1962 alikuta wanamuziki wakikusanyika katika baa ya O'Donoghue's. Hapo alikuwepo Ronnie Drew mwenye sauti nzito ya kukwaruza, Barney McKenna mpiga banjo hodari, na Ciarán Bourke mpiga filimbi ya bati. Wakaungana. Mwanzoni kundi lilibeba jina la Ronnie, naye hakulipenda jambo hilo. Luke wakati huo alikuwa akisoma kitabu cha James Joyce kiitwacho Dubliners, yaani Watu wa Dublin, na jina la kundi likatoka humo.

Wazia sura yao. Waimbaji wa nyimbo za asili waliokuwa wakisifika siku hizo walivaa sweta nyeupe safi na kutabasamu. The Dubliners walikuwa na ndevu ndefu na suti zilizokunjamana, glasi za bia zikiwa karibu. Luke alikuwa na nywele nyekundu zilizotimka kila upande, na akiimba alirudisha kichwa nyuma, akafumba macho, na mishipa ya shingo ikamtoka.

Hakutulia, hata hivyo. Mwaka 1964 aliliacha kundi, akarudi Uingereza kwa karibu miaka miwili. Mwaka 1965 alimwoa mwigizaji Deirdre O'Connell. Huko London alijifunza kwa Ewan MacColl, mtunzi na mwanaharakati wa mrengo wa kushoto aliyewafundisha waimbaji vijana namna ya kubeba hadithi ndani ya wimbo. Huyu Ewan ndiye baba wa Kirsty MacColl, yule mwimbaji wa wimbo wa Desemba tulioanza nao. Moja ya tungo zake, Dirty Old Town, inaeleza mji wa viwanda wa Salford, Uingereza. Luke aliiimba kwa namna iliyowafanya watu wengi hadi leo kudhani kuwa inahusu Dublin.

Kisha ukaja mwaka 1967, na hapa redio yenyewe inaingia katika hadithi. The Dubliners walirekodi Seven Drunken Nights, wimbo wa kuchekesha wa mlevi anayerudi nyumbani kila usiku na kukuta dalili za mwanamume mwingine, huku mke akimpa visingizio vya ajabu. Ronnie Drew ndiye aliyeuongoza. Jina linataja usiku saba, lakini waliimba tano tu, kwa kuwa mbili za mwisho zilikuwa na matusi mno. Hata hizo tano zilikuwa nyingi kwa redio ya taifa ya Ireland, RTÉ, ambayo iliupiga marufuku.

Lakini baharini, nje ya mipaka ya Uingereza, zilielea meli za Radio Caroline, kituo kisicho na leseni kilichoanzishwa na Mwireland, Ronan O'Rahilly. Caroline iliupiga wimbo huo mchana na usiku. Si kwa mapenzi matupu: mwenye kampuni iliyotoa santuri hiyo alikuwa pia mmoja wa wakurugenzi wa Caroline. Hata hivyo wimbo ulipanda hadi nafasi ya 7 katika chati ya Uingereza, na wanaume wale wenye ndevu wakaonekana katika kipindi kikubwa cha muziki cha televisheni ya BBC, katikati ya vijana wa pop.

Umaarufu ukaja, na safari nyingi, na pombe nyingi. Kwa Luke, kazi kubwa ilikuwa bado. Mshairi Patrick Kavanagh alimwachia shairi lake kuhusu mapenzi yaliyopotea, Raglan Road, aliimbe, na leo ni vigumu kwa Waireland kulitenganisha shairi hilo na sauti yake. Mtunzi Phil Coulter alimpa wimbo kuhusu mwanawe aliyezaliwa na ulemavu wa akili. Luke aliurekodi, lakini jukwaani aliuimba mara chache sana, kwa sababu aliona ukumbi wa walevi wanaopiga makofi si mahali pake.

Tarehe 30 Juni 1980, katika ukumbi wa Cork Opera House, Luke alianguka jukwaani. Kabla ya hapo alikuwa akiumwa kichwa na kusahau maneno ya nyimbo, na wengi walidhani ni ulevi. Kumbe ulikuwa uvimbe kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji, akarudi kwenye ziara, akaugua tena. Alifariki tarehe 30 Januari 1984 akiwa na umri wa miaka 43, akazikwa katika makaburi ya Glasnevin, Dublin.

Mwaka huohuo The Pogues walitoa albamu yao ya kwanza. Mwaka uliofuata, katika albamu ya pili, waliiweka Dirty Old Town, tungo ileile ya Ewan MacColl. Haikuwa rahisi kujitangaza kuwa Mwireland mjini London miaka ile, mabomu ya IRA yakilipuka Uingereza na kila lafudhi ya Ireland ikitiliwa shaka. Vijana hao walijitangaza kwa sauti ya juu kabisa. Mwaka 1987, The Dubliners walipotimiza miaka 25, bendi hizo mbili ziliurekodi pamoja wimbo wa zamani The Irish Rover, Ronnie Drew na Shane MacGowan wakipokezana beti. Ulifika nafasi ya 8 nchini Uingereza, miaka mitatu baada ya Luke kuzikwa.

Mwaka 2019, Dublin ilizindua sanamu zake mbili kwa siku moja, tarehe 30 Januari. Moja imeketi na banjo katikati ya jiji. Nyingine iko Sheriff Street alikozaliwa: kichwa kikubwa cha marumaru, macho yamefumbwa, mdomo wazi, na nywele za nyaya za shaba zimetimka kila upande. Hii ya pili imepakwa rangi na waharibifu zaidi ya mara moja, na kila mara imesafishwa.