Nehemia, Liwali wa Yuda

Katika toleo hili tumependa kuwakumbusha wasomaji wetu habari za Nehemia mwana wa Hakalia. Wengi wakisikia jina lake hukumbuka ukuta wa Yerusalemu tu, nao kweli ulimalizika kwa siku 52. Lakini sisi twaona kwamba kazi yake iliyokuwa ngumu zaidi haikuwa ya mawe.

Habari zake zimo katika kitabu ambacho Wayahudi tangu kale walikihesabu kuwa kimoja pamoja na kile cha Ezra, na sehemu kubwa ameisimulia mwenyewe. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta wa Uajemi, huko Shushani. Ndipo ndugu yake Hanani alipomletea habari kwamba Yerusalemu ungali magofu. Nehemia alilia, akafunga, na katika sala yake alijihesabu yeye na jamaa ya baba yake pamoja na wakosaji, ingawa mji ulibomolewa mwaka 586 K.K., naye hajazaliwa. Aliomba kwa muda wa miezi minne hivi kabla ya kumwambia mfalme neno. Mwaka 445 K.K. alipewa ruhusa, pamoja na barua za kupata miti.

Alipofika hakupiga mbiu. Alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache, akazikagua kuta kwa macho yake. Baadaye ndipo aliposema na wakuu. Makuhani, wafua dhahabu, wafanya manukato, hata Shalumu na binti zake, wote walijenga, na wengi walijenga mbele ya nyumba zao. Wakuu wa Tekoa tu ndio waliokataa kuinamisha shingo. Watu wa aina hiyo twawajua hata leo. Na huko Tekoa watu wao wa chini walijenga sehemu mbili.

Sanbalati, Tobia na Geshemu waliwadhihaki wajenzi, kisha wakawatisha, lakini maadui hao walikuwa nje. Kilio kilichomchoma Nehemia kilitoka ndani. Wakati wa njaa maskini waliweka rehani mashamba yao, mizabibu na nyumba, wapate nafaka. Wengine walikopa fedha ili kulipa kodi ya mfalme, na watoto wao wakawa watumwa. Waliowakopesha walikuwa Wayahudi wenzao, tena wakubwa, watu walewale ambao Nehemia aliwahitaji kwa ujenzi.

Hapo angeweza kunyamaza mpaka ukuta uishe. Hakunyamaza. Alikasirika, kisha akafikiri kwanza moyoni mwake, ndipo akawakemea wakuu mbele ya mkutano. Wala hakuficha kwamba yeye na ndugu zake na watumishi wake nao walikuwa wamekopesha watu fedha na nafaka. Alitaka wote waache riba, akijitia na yeye humo, na mashamba yarudishwe siku ileile. Wakuu walikosa la kujibu. Akawaita makuhani, akawaapisha, maana alijua ahadi za mkutanoni husahauliwa upesi.

Maliwali waliomtangulia walikuwa wakitoza watu mkate na divai, na shekeli 40 za fedha juu yake, na watumishi wao wakiwaonea watu. Nehemia kwa muda wa miaka 12 hakula posho ya liwali. Wala hakununua shamba, ingawa bila shaka yalikuwako ya kununua rahisi wakati kama ule. Mezani pake walikula watu 150, mbali na wageni; kila siku alichinjwa ng'ombe mmoja na kondoo sita wazuri, na kuku.

Mwaka 433 K.K. alirudi kwa mfalme. Alipokuja Yerusalemu tena alikuta Tobia amepewa chumba kikubwa katika nyua za Hekalu, na Walawi wamekimbilia mashambani kwa kukosa haki yao. Alivitupa nje vyombo vya Tobia. Baadaye alipiga watu na kung'oa nywele zao kwa sababu ya ndoa za kigeni, na hilo hatuwezi kulisifu. Lakini juu ya hazina aliweka kuhani Shelemia, mwandishi Sadoki, Mlawi Pedaya, na Hanani mwana wa Zakuri kuwa msaidizi wao. Aliwachagua kwa kuwa walihesabiwa kuwa waaminifu, na kazi yao ilikuwa kuwagawia ndugu zao.