Maisha ya Bwana Hugh Tracey, Mkusanyaji wa Ngoma za Afrika

Katika gazeti letu tumezoea kusoma maisha ya wafalme, wavumbuzi na viongozi wa nchi. Safari hii naomba nafasi nisimulie habari za mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza wengine wakiimba. Jina lake ni Hugh Tracey, mwandishi wa mambo ya muziki na mtangazaji wa redio. Kwa nini mimi, mwalimu mzaliwa wa Nyakunguru, namwandika Mwingereza huyu, nitaeleza mbele.

Bwana Tracey alizaliwa mwaka 1903 katika jimbo la Devon, Uingereza. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba hivi alivuka bahari akaenda Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kumsaidia kaka yake katika shamba la tumbaku. Hapo alifanya kazi pamoja na vijana wa Kikaranga. Alijifunza lugha yao, na kwa kuwa watu hao hufanya kazi huku wakiimba, akajifunza na nyimbo zao pia. Wazungu wengi wa siku zile waliziona ngoma zetu kuwa kelele tu. Yeye aligundua kwamba zina kanuni zake, na kwamba mtu asiyezijua kanuni hizo hukosea mara moja na kuchekwa.

Mwaka 1929 alipata habari kwamba mafundi wa kampuni ya Columbia ya London wamefika Johannesburg na mitambo ya kunasia sauti. Basi akachukua vijana kumi na wanne, akasafiri nao mwendo wa kilomita 800 hivi, wakaimba mbele ya mitambo hiyo. Tangu siku hiyo tumbaku haikupata tena nafasi moyoni mwake.

Katika miaka ya 1930 aliingia kazi ya redio huko Afrika ya Kusini, na baadaye akawa mkuu wa studio ya Durban hadi mwaka 1947. Hapa kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1941, wakati wa vita kuu ya pili, mwalimu mmoja Mzulu, Bwana King Edward Masinga, alikwenda mwenyewe katika studio hiyo akataka redio iseme Kizulu. Bwana Tracey, ambaye Kizulu alikijua, alimpa nafasi, na Masinga akasoma habari za vita kwa lugha ya watu wake. Baadaye wawili hao walishirikiana kutengeneza mchezo wa redio wenye nyimbo za Kizulu. Lakini nawaomba wanafunzi mkumbuke ni nani aliyekwenda kubisha mlango.

Kitabu chake juu ya Wachopi wa Msumbiji kilitoka mwaka 1948. Wachopi hupiga timbila, marimba makubwa yanayopigwa na watu wengi kwa pamoja, na katika kitabu hicho aliwataja watunzi kwa majina yao, kama vile Katini na Gomukomu, jinsi Wazungu wanavyowataja watunzi wa kwao. Siku zile jambo hilo lilikuwa geni.

Mwaka 1950 alifika kwetu Afrika Mashariki. Alipita Kenya, Uganda na Tanganyika, akanasa ngoma za Wagogo, Wanyamwezi, Wahaya na wengine wengi. Jinsi alivyofanya kazi inafaa ielezwe. Alisafiri na gari lenye jenereta, na kwa kuwa jenereta hunguruma, aliiweka mbali nyuma ya kichuguu au kichaka, akavuta waya mrefu hadi penye wachezaji. Kipaza sauti alikishika mkononi, akikisogeza mara kwa mwimbaji, mara kwa mpiga zeze, kama mtu anayegeuza shingo ili asikie vizuri. Tena alichukua vyuma ambavyo kila kimoja kikigongwa hutoa sauti moja isiyobadilika. Kwa hivyo alipima jinsi kila ala ilivyokazwa, kisha akaandika katika kadi. Sahani za santuri alizotoa katika mfululizo mkubwa zilizidi 200. Mwaka 1954 aliunda maktaba ya muziki wa Afrika karibu na Johannesburg. Alifariki mwaka 1977, na maktaba hiyo ikahamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes.

Sitaki kumfanya malaika. Fedha za safari zake zilitoka kwa kampuni ya santuri na kwa wenye migodi, ambao walikuwa na haja zao. Tena waimbaji wengi hawakutajwa. Kule Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, alinasa wimbo uitwao Chemirocha, jina lililotokana na Mwamerika Jimmie Rodgers ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Wimbo huo ulisikika duniani kote. Alitajwa Chemutoi Ketienya. Waliobaki waliandikwa kuwa wasichana wa Kipsigis tu, wasichana ambao kila mmoja alikuwa na jina na mama. Ilipita miaka sitini na minne ndipo, mwaka 2014, watu wa maktaba ile pamoja na shirika la Ketebul Music la Nairobi walipozirudisha sauti hizo kwa wenyewe. Wachache waliokuwa hai walijisikia tena katika ujana wao.

Sasa nirudi Nyakunguru. Babu yangu alikuwa mpiga iritungu, lile zeze kubwa la Wakurya lenye nyuzi nane na sauti nzito ya kuvuma. Nilikuwa mtoto alipofariki, na nyimbo zake zikaenda naye. Nimesikiliza sahani nyingi za Bwana Tracey nikitumaini kusikia iritungu la kwetu. Katika zile nilizozipata sikulisikia. Nilikasirika, kisha nikajiuliza: je, mimi mwenyewe nilimnasa nani?

Kwa hiyo likizo iliyopita nilikwenda na wanafunzi wanne kwa mzee mmoja wa kwetu, tukiwa na simu ya mkononi. Mzee alikaa juu ya kigoda, akaanza kukaza nyuzi. Mara mashine ya kusaga ya jirani ikaanza kunguruma, tusisikie kitu. Nikamkumbuka Bwana Tracey na kichuguu chake. Mwanafunzi mmoja alikimbia kumwomba mwenye mashine aizime kidogo, naye akatupa dakika kumi, ingawa kina mama walikuwa foleni na debe zao za mahindi. Tulipata nyimbo tatu. Jina la mzee, la mkewe aliyekuwa akiitikia, na la kitongoji chao yameandikwa katika daftari lililoko maktaba ya shule. Wimbo wa nne tutaufuata likizo ijayo, asubuhi na mapema kabla mashine haijawashwa.