Siti binti Saad na Jina la Muuaji

Wanafunzi wa fasihi katika shule zetu wanamjua Siti binti Saad kuwa mwimbaji wa taarabu aliyeandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Wengine huongeza kwamba ndiye aliyeitoa taarabu katika jumba la Sultani akaileta kwa watu wa kawaida. Sifa hizo ni za haki, lakini ipo moja ambayo aghalabu husahauliwa, nayo ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya. Siti alikuwa shahidi. Wakati ambapo mahakama iliwaadhibu wanawake waliosema kweli, yeye aliisema kweli hiyo kwa wimbo.

Alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka wa 1880, kwa wazazi wenye asili ya bara. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Katika Unguja ya wakati ule jina hilo halikuwa mzaha. Amri ya kuwaacha huru watumwa ilitolewa mwaka wa 1897, naye tayari alikuwa msichana mkubwa. Hata hivyo, masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka wa 1909. Hivyo basi, hata uhuru wenyewe ulipofika, mwanamke alifikiwa mwisho.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufinyanga vyungu na kuvitembeza akiviuza, na inasimuliwa kwamba wanunuzi waliijua sauti yake kabla hawajamwona. Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko alifunzwa uimbaji, akajiunga na wanamuziki kama Subeti Ambari, Mbaruk Effandi, Buda Swedi na Maalim Shaaban, na akapata jina jipya la Siti, ambalo ni jina la heshima kwa mwanamke. Waimbaji wa jumba la Sultani walikuwa wanaume walioimba Kiarabu. Siti aliimba Kiswahili. Mwaka wa 1928 alisafiri hadi Bombay, nchini India, kurekodi nyimbo, na sahani zake za santuri zikauzwa kwa maelfu katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Wapo waliomkejeli kwa sura yake na kwa asili yake. Lakini nyumbani kwake Ng'ambo, upande wa mji walikoishi wengi wa wasio na mali, watu walikusanyika jioni kumsikiliza, na nyimbo zake zilizungumza juu ya mambo yao: dhuluma, kesi, hukumu, na wakubwa waliokula mali ya wanyonge.

Mmojawapo wa nyimbo hizo ni ule uitwao Kijiti. Kisa chake ni cha kweli. Mwanamke mmoja mja mzito, mgeni kutoka upande wa Dar es Salaam, alikuwa Unguja kwa matembezi. Mtu aitwaye Kijiti alimshawishi waende ngomani shamba, akambaka na kumuua. Kisha akavuka bahari akatorokea bara, asitiwe mkononi. Waliofikishwa mbele ya hakimu ni wanawake waliofuatana na marehemu, ambao ndio waliokuwa na ushahidi. Lawama ikawageukia wao, wakatiwa hatiani wakafungwa. Muuaji akawa huru, mashahidi wakawa wafungwa.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na mazoea ya kazi yangu ni kuitazama sentensi kabla ya kuutazama ulimwengu. Hebu tutazame namna tunavyozungumza juu ya mambo haya huku Likoni, Kisauni na Changamwe. Twasema binti ameharibiwa. Twasema mwanafunzi amepata mimba, kana kwamba ameiokota njiani. Twasema mke wa fulani amepigwa. Kauli ya kutendwa ina kazi yake halali katika sarufi ya Kiswahili, lakini hapa tunaitumia kumfichia mtenda maovu. Aliyetendwa anabaki peke yake ndani ya sentensi, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kuulizwa, maswali yote yanamwangukia yeye: alikwenda wapi, na nani, saa ngapi, amevaa nini?

Siti alifanya kinyume. Aliliweka jina la muuaji juu kabisa, likawa ndilo jina la wimbo. Mahakama ilishindwa kumtia Kijiti kifungoni, lakini wimbo ulimfunga katika kumbukumbu ya watu. Bi Kidude, aliyefariki mwaka wa 2013, aliuimba wimbo huo miongo mingi baada ya Siti kuzikwa, na Kijiti alikuwa bado anashtakiwa.

Pengine msomaji atasema kwamba hayo yalikuwa mambo ya ukoloni. Na tutazame basi sheria zetu wenyewe. Mwaka wa 2006 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kingono, iliyowasilishwa na Njoki Ndung'u, na ilikuwa hatua kubwa. Lakini ndani yake kiliingizwa kifungu cha 38, kilichosema kwamba mtu akionekana kuwa ametoa madai ya uongo, adhabu yake itakuwa ile ile ya kosa alilomsingizia mwenzake. Ni mwanamke gani maskini, asiye na wakili, ambaye angekwenda kituo cha polisi bila kutetemeka huku akijua hivyo? Kifungu hicho kilifutwa mwaka wa 2012. Kwa miaka sita, katika nchi huru, mlalamikaji alitishwa kwa kifungo, kama walivyofungwa wale mashahidi wa Unguja.

Wahenga walisema msema kweli hana wajoli. Wajoli ni watumwa wa bwana mmoja, na binti aliyeitwa Mtumwa bila shaka aliielewa methali hiyo kuliko sisi. Alijua kwamba asemaye kweli peke yake huangamizwa. Kwa hiyo aliisema kweli katika wimbo ambao mji mzima uliweza kuuimba, na mji mzima hauwezi kufungwa.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Wanahabari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao katika miaka ya 1980, waliliita Sauti ya Siti. Sisi walimu tunaweza kumuenzi kwa jambo dogo zaidi. Mwanafunzi wa kike atakapokuja kutueleza yaliyomfika, tusianze na maswali juu yake. Tumuulize kwanza: ni nani aliyetenda? Kisha jina hilo tulipeleke panapostahili, na tusimwache alipeleke peke yake.