Rudolf Diesel: Aliyebana mafuta, akazidiwa na madeni

Neno dizeli hutajwa kila siku kwenye vituo vya mafuta, kwenye mashine za kusaga na kwenye pampu za kumwagilia. Wengi hawajui kwamba ni jina la mtu, na kwamba mtu huyo alihangaika na jambo lile lile linalomsumbua mwenye Fuso: mafuta mengi, kazi kidogo.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, Machi 18, 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, na vita ya mwaka 1870 iliwalazimu kuhamia London. Kijana alipelekwa kwa ndugu mjini Augsburg kusoma, kisha akasomea uhandisi Munich. Huko alijifunza kwa Profesa Carl von Linde jinsi injini za mvuke zinavyopoteza sehemu kubwa ya joto bila kufanya kazi.

Akatafuta njia nyingine. Hewa ikigandamizwa sana ndani ya silinda hupata joto kali, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe bila plagi. Alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1893, lakini majaribio yalichukua miaka. Februari 17, 1897, injini yake ilipimwa rasmi Augsburg. Katika kila sehemu 100 za nishati ya mafuta, ilitoa kazi sehemu 26. Injini nyingi za mvuke za wakati huo hazikuvuka sehemu 10.

Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Diesel aliamini kwamba siku moja mafuta ya mimea yangekuwa na thamani kubwa kwa kuendeshea injini.

Hesabu za nyumbani kwake zilikwenda kinyume. Uvumbuzi ulimpa utajiri, lakini fedha ziliishia kwenye biashara ya ardhi, kesi za kutetea hati yake na jumba la kifahari Munich. Usiku wa Septemba 29, 1913, akiwa kwenye meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza, alitoweka. Mwili wake ulionekana baharini siku kadhaa baadaye. Alikuwa na miaka 55, na aliacha madeni. Malori ya dizeli, yaliyoanza kuuzwa miaka ya 1920, hakuyaona.

Mkulima na mfanyabiashara wana mambo mawili ya kuchukua hapa. Kwanza, bei ya lita hupangwa mbali nasi, lakini kazi inayofanywa na lita hiyo iko mikononi mwetu. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua vizuri, yaani fedha inayotokea kwenye ekzosi. Nozeli mbovu, eya klina iliyoziba na matairi yasiyo na upepo wa kutosha hula faida ya safari.

Pili, weka daftari: lita zilizonunuliwa, kilomita zilizokwenda, magunia yaliyobebwa. Fedha iliyookolewa kwenye tangi bila kuandikwa humezwa na matumizi mengine, na mwenye gari hubaki akilaumu bei ya mafuta peke yake.