Gakaara wa Wanjau, Mwandishi Aliyejichapishia

Katika chama chetu kila mwaka mmoja wetu hupewa kazi ya kueleza maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kututoka. Mwaka huu zamu ilinifikia mimi, na wengi walitazamia nimwandike Shaaban Robert au Muyaka. Niwieni radhi. Nimemchagua Gakaara wa Wanjau, na sababu ninayo: mimi mwenyewe ninaandika riwaya. Imejaza madaftari matatu, na mchapishaji wa kwanza niliyempelekea huko mjini alinirudishia bila hata kulifungua la pili. Siku hiyo nilipanda matatu kurudi huku Kitisuru nikiwa nimenuna kama aliyelishwa shubiri. Mwalimu wetu aliponiona hivyo akaniuliza kama ninamjua mzee wa Karatina. Sikumjua.

Gakaara alizaliwa mwaka wa 1921 huko Nyeri, upande wa Tumutumu, babake akiwa mchungaji wa kanisa la Presbiteri. Alisoma mpaka akafika Alliance, pale Kikuyu, ambapo si mbali sana na hapa kwetu. Mwaka wa 1940 wanafunzi waligoma, naye akawa miongoni mwa waliofukuzwa. (Walimu wetu, msitie shaka, simsifu kwa hilo!) Akaingia jeshini, akawa karani, na vita vikampeleka Uhabeshi.

Sasa hebu fikirieni mwaka wa 1946. Kijana wa miaka 25 hivi ametoka vitani, ana hadithi mkononi, tena ameiandika kwa Kikuyu. Ampelekee nani? Vitabu vya lugha zetu siku hizo vilitolewa zaidi na wamisheni, na vingi vilikuwa vya dini na vya shule. Ile ofisi ya serikali ya kikoloni ya kushughulikia vitabu, East African Literature Bureau, ilianzishwa mwaka wa 1948, na hata ilipokuja haikuwa mahali pa kupeleka maneno ya kumkera mkoloni. Basi Gakaara na rafiki zake hawakungoja kubishiwa hodi. Waliunda kampuni yao wenyewe, wakaiita African Book Writers, na mwaka huohuo wa 1946 hadithi yake ikatoka. Iliitwa Uhoro wa Ugurani, yaani mambo ya kuoana na mahari.

Hapo ndipo niliposimama nikafikiri sana. Mbona mahari? Kwa sababu hapakuwa na nyumba ambayo jambo hilo halikuwa na ubishi. Baba ana bei yake, binti ana moyo wake, kijana naye mfuko mtupu. Mtu anayechapisha kwa fedha zake hawezi kuandika kitu ambacho ni yeye peke yake anakitaka. Tena vitabu vyake vilikuwa vijitabu tu, vyembamba, vya kununuliwa na mtu wa kawaida. Kila ukurasa una gharama yake: karatasi, wino, na kazi ya mpiga chapa. Usiku ule nilihesabu kurasa za madaftari yangu. Ni 212, jamani! Na sura nzima ya nne ni maelezo ya mvua.

Kwetu sisi wanachama wa Kiswahili kuna jambo la kutufurahisha. Mwaka wa 1948 Gakaara alitoa kijitabu kingine, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, na hicho alikiandika kwa Kiswahili. Nadhani aliona kwamba habari za mahari angeweza kuwaambia Wakikuyu wenzake, lakini habari za Mwafrika kusimama wima zilihitaji lugha ya kuvuka mipaka ya kabila. Mwaka wa 1952 alikitoa tena kwa Kikuyu, na mwaka huohuo akachapisha kile kijitabu cha imani ya Gikuyu na Mumbi, kilichofuata mtindo wa imani ya kanisani. Serikali haikucheka. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, alikamatwa pamoja na wale wa kwanza kabisa.

Mwandishi wa kampuni kubwa huwa na mkurugenzi, mhariri na wakili mbele yake. Anayejichapishia hana wa kumsingizia. Jina lililo juu ya jalada ni lake, na aliyelipa mpiga chapa ni yeyeyule. Gakaara alipelekwa Kajiado, kisha kisiwa cha Manda kule Lamu, Athi River, hata Hola. Vitabu vyake vikapigwa marufuku. Mkewe, Shifra Wairire, naye alitiwa kizuizini. Karibu muongo mzima ukapita hivyo. Na huko ndani, akijua wazi kwamba karatasi ndizo zilizomponza, aliandika shajara kwa siri, akaificha.

Kama ningekuwa mimi, ningetoka nikatafute kazi ya kuuza mboga. Yeye alirudi palepale kwenye uchapishaji. Akaendesha biashara yake ya vitabu, ambayo baadaye makao yake yalikuwa Karatina, akatoa jarida la Gikuyu na Mumbi na hadithi za Wa-Nduuta. Ile shajara ilitoka mwaka wa 1983, na mwaka wa 1984 ikapata tuzo ya Noma, akigawana na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Kichekesho ni kwamba kitabu hicho kilichompa sifa duniani hakikutoka kwenye mtambo wake. Kilitolewa na Heinemann ya Nairobi. Sifa hazikumkinga pia, kwani mwaka wa 1986, wakati wa msako wa Mwakenya, alikamatwa tena, safari hii na serikali ya Waafrika wenzake. Alifariki mwaka wa 2001.

Sura ya mvua nimeiondoa. Zimebaki kurasa 190, na bado ninapunguza. Mpiga chapa mmoja wa mjini amenitajia bei ya nakala 100, bei ya kutia kizunguzungu, lakini nimemwambia anisubiri mpaka likizo ya Agosti. Watakaotaka nakala waandikishe majina kwa katibu wa chama.